Akiba ya Matron

Tulimwita Matron, na hata waliomzidi umri walimwita hivyo. Alizaliwa wapi na nani alimlea, hayo sikuwahi kumwuliza, naye hakuwahi kuyasema. Nilijua tu kwamba alisomea uuguzi Uganda, kwamba alikuwa mjane, na kwamba hakuna binadamu aliyenikasirisha kumshinda yeye, kabla yake wala baada yake. Ninaandika haya na hasira bado ninayo. Msomaji anivumilie.

Kazi yake ilikuwa kuazimisha wauguzi. Miaka ile ya mwanzo wa uhuru masista wa Kizungu walikuwa wanafunga masanduku yao mmoja mmoja, dispensari zilikuwa zinafunguliwa kila kona ya ziwa, na watu waliosomea kazi hiyo walikuwa wachache mno. Matron alikodi chumba pale Rodi Kopany, kwenye njia ya kutoka Homa Bay kwenda Rongo, akaweka meza mbili, kabati la mafaili na kitanda kimoja cha chuma cha hospitali. Misheni ikikosa mkunga, kiwanda cha pamba kikitaka dresa wa kufunga vidonda vya wafanyakazi, au nesi wa Sori akienda kujifungua, barua ililetwa na basi hadi mlangoni kwetu, na Matron akatafuta mtu wa kumpeleka. Alikuwa na dispensari kumi na moja za kutazama na watu saba, wakati mwingine sita.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao saba, kwa jina. Nilikuwa na cheti cha ukunga kilichokuwa bado kinanuka wino, na nilitaka jambo moja tu, wodi ya wazazi. Kozi ya juu, ile ambayo ingenifanya sista, yaani muuguzi mkuu wa wodi, ilitaka mtu awe amezalisha wodini miaka miwili mfululizo. Nilimweleza Matron hayo siku ya kwanza kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mwezi ujao atanipeleka Muhuru Bay, ila kwa sasa nikae mezani nimsaidie barua kidogo, kwa kuwa cheti changu kingine kilisema najua kupiga taipu. Nilikaa pale mezani miaka mitatu na nusu.

Kitanda kile cha chuma kilikuwa cha mtihani. Vyeti Matron alivisoma haraka haraka kama mtu anayesoma bei kwenye mfuko wa sukari, kisha akavua viatu, akapanda kitandani na kujilaza. Alikuwa mama mzito. Mwombaji kazi alitakiwa kubadilisha mashuka yote mawili bila kumwangusha mgonjwa, na mgonjwa ndiye Matron mwenyewe, aliyelegeza mwili wote na kufumba macho kama aliyezimia. Niliwahi kuona dresa mmoja mwenye kifua kipana akitokwa na jasho mpaka kwenye kola. Mara nyingine Matron alipitiwa na usingizi wa kweli, na mwombaji akabaki amesimama na shuka mkononi, anaogopa kumwamsha, ananitazama mimi. Aliyethubutu kumgusa bega na kumwambia mama amka tumalize, huyo alipata kazi.

Baada ya kitanda zilifuata kucha. Alizitazama za mikono na za miguu. Alisema kucha ndizo zinazomsalimia mgonjwa kwanza. Yeye mwenyewe alizikata kila Ijumaa alasiri kabla jua halijatua, kwa sababu alikuwa Msabato wa kweli kweli, na jua likishatua hakugusa mkasi, kalamu wala barua mpaka Jumamosi jioni. Mtu angeweza kuja mbio kutoka Homa Bay siku ya Sabato kusema nesi wa zamu ameanguka kwenye ngazi na wodi haina mtu, naye Matron angesimama mlangoni pa kanisa na gauni lake jeupe, amsikilize kwa upole, amwombee, kisha arudi ndani kuimba. Lakini Jumapili asubuhi aliamka na kuwalaumu Wakatoliki kwa kutokuwa ofisini. Aliniagiza niwaandikie barua kwamba ugonjwa haujui misa. Niliipiga taipu barua hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara nilitamani kuongeza mstari wangu mwenyewe.

Kanisa lake halikupenda chai. Matron alikunywa vikombe vinne kwa siku, ya rangi, nzito, akaiita dawa ya kichwa. Birika lilikaa nyuma ya kabati la mafaili, na mzee wa kanisa akija lilifunikwa kwa kofia ya unesi. Nilimpenda siku hizo. Nasema hivyo ili haki itendeke, kwa sababu mengi yanayofuata si ya kumpenda.

Alikuwa na msemo wake aliourudia mbele ya kila aliyeajiriwa: gauni la kazi halina kabila wala mkwe. Kuhusu kabila alikuwa sawa, na wauguzi Wakuria aliowapeleka kwa Wajaluo walikuwa na amani, na Wajaluo vilevile upande wa Wakuria. Kuhusu wakwe alikosea, na nilimwambia amekosea.

Tulikuwa na dresa aliyeitwa Okumu, mtu wa maneno machache, mwenye mikono mizuri kuliko wote. Sori waliomba dresa, Matron akamchagua yeye. Nilijua Okumu ameoa huko huko Sori. Sasa, kwetu mwanamume na mama mkwe wake, maro kwa Kiluo, wana mipaka yao. Hali chakula mbele yake, halali nyumbani mwake, na kuuona mwili wake ni jambo ambalo watu hawalitamki hata kwa mzaha. Nilimweleza Matron kwamba dispensari ya Sori ina chumba kimoja na dresa mmoja, na maro wa Okumu anaishi mwendo wa dakika kumi kutoka hapo. Akaniambia nisimletee mambo ya kijijini ofisini. Okumu naye hakusema kitu. Nadhani aliona haya kuonekana mshamba mbele ya mama aliyesoma Uganda. Akafunga mzigo, akaenda.

Wiki ya tatu wakamleta yule mama. Alikuwa na jipu kubwa juu ya paja, upande wa ndani, na homa imempanda. Walimbeba kwa machela ya miti na nyavu za kuvulia. Alipomwona Okumu mlangoni ameshika kisu cha kupasulia, alijifunika leso uso mzima akawaamuru waliombeba wageuze. Okumu naye alikuwa ameshatoka kwa dirisha la stoo. Alasiri nzima mama alikaa chini ya ukuta wa nje, upande mmoja, na mkwe wake akakaa upande wa pili, kule wanawake wanakoanika omena, dagaa wa ziwani, na katikati yao dispensari wazi, maji yamechemka, dawa zimepangwa, hakuna mtu ndani. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake. Mpaka lori la samaki lilipopatikana la kumpeleka Homa Bay, ikawa siku ya pili. Alipona, lakini ule mguu aliuburuta tangu hapo.

Tulikwenda Sori pamoja, Matron na mimi, kwa basi. Alimsimamisha Okumu kando ya mlango ule ule, akamwuliza alisomea nini.

"Kufunga vidonda na kupasua majipu, Matron."

"Na kile walikuletea kilikuwa nini?"

"Kile kilikuwa maro yangu." Okumu hakuinua macho. "Hata ukinifuta kazi leo, ile siwezi. Nikimwona vile, nyumba yangu nitaiweka wapi?"

Matron hakumfuta kazi. Njia nzima ya kurudi alikaa na mkoba juu ya magoti, na mimi pembeni yake nikajiambia, haya, sasa mama huyu atakuwa ananisikiliza. Nilijidanganya. Watu wa aina yake wakigundua wamekosea upande mmoja, wanakimbia mpaka mwisho wa upande wa pili.

Jumatatu alileta daftari kubwa lenye jalada jeusi. Akaanza kuwaita wauguzi wote mmoja mmoja na kuwauliza wameoa au wameolewa wapi. Hapo nilikubaliana naye. Kisha akauliza dada za mama mkwe wameolewa wapi, kwa sababu hao nao ni maro. Kisha baba mkwe ana ndugu wangapi na wanavulia samaki ufuo gani. Kisha kaka wa muulizwa wameoa wapi. Mimi ndiye niliyeandika. Kila mtu alipata ukurasa, na kurasa zote ila mmoja zikajaa, na kufikia mwisho wa mwezi hapakuwa na muuguzi hata mmoja ambaye Matron aliona anaweza kumpeleka mahali popote. Angeshangaa nini? Nyanza Kusini nzima ni wakwe. Ukitupa jiwe sokoni Rodi siku ya soko utampiga mkwe wa mtu unayemjua.

Barua zikaanza kurundikana. Kiwanda cha pamba kiliandika mara tatu. Wodi ya wazazi ya Muhuru Bay ilikaa miezi minne bila mkunga, kwa kuwa wa kwanza alikuwa na baba mkwe anayevua huko, na wa pili shangazi wa mumewe aliolewa karibu na huko, na Matron alikuwa anafikiria. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake, cheti changu kwenye mfuko wa plastiki ndani ya droo. Sikuwa nimeolewa. Sikuwa na mkwe hata mmoja kuanzia Homa Bay hadi mpaka wa Tanzania. Kwa daftari lake mwenyewe nilikuwa mtu pekee anayeweza kwenda kokote.

Siku moja nilifungua daftari kwenye ukurasa wenye jina langu, mtupu, mweupe, nikaliweka mbele yake. Aliutazama, na uso wake ukapata furaha.

"Umeona, nyathina?" akasema. "Ndiyo maana wewe ndio akiba yangu. Nikikutoa wewe, mimi nitabaki na nani?"

Kisha akaongeza kwamba tena huko Muhuru kuna vijana wengi wenye mitumbwi, nitaolewa mara moja, na ukurasa mzuri namna hii utaharibika.

Nyathina maana yake mwanangu. Aliniita hivyo kwa mapenzi. Nilichukua daftari, nikarudi kwenye mashine, nikaandika barua ya kuwaambia watu wa Muhuru wasubiri. Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza mimi mwenyewe vya kutosha.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Muhuru walipozidi kulia, alikwenda mwenyewe. Alifunga ofisi Jumapili, akapanda basi na kibeti chake na mkasi, akakaa huko mpaka Jumatano, akazalisha. Akawa anakwenda hivyo kila baada ya wiki mbili. Alirudi ananuka samaki na dawa, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na sijawahi kumwona mtu mwenye raha kama ile. Alikaa kwenye kiti chake, akamimina dawa yake ya kichwa, akanisimulia mtoto mmoja mmoja: huyu alitanguliza miguu, huyu alikuja na kitovu shingoni, huyu mama yake aliimba mpaka mwisho. Alionyesha kwa mikono jinsi alivyomgeuza. Mimi niliandika ripoti. Mwanamke ana cheti cha ukunga, anapiga taipu kuhusu watoto waliozalishwa na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo mwingine ndiye aliyemkatalia kwenda. Mikono yangu ilikuwa inasahau. Nilikuwa nikilala najifunza tena kwa kichwa, wapi unaweka kiganja, wakati gani unamwambia mama asukume.

Watu wa Rodi walimsifu sana. Walisema hana choyo, anawapa wengine kazi, na ikikosekana mtu anakwenda mwenyewe. Yote kweli. Aliwahi kumvulia mama mmoja maskini sweta lake mwenyewe, palepale ofisini, akabaki anatetemeka siku nzima ya mvua. Sijui mtu anaweza kutoa sweta kirahisi namna ile halafu akashindwa kumtoa karani wake. Labda sweta halipangi mafaili.

Niliondoka siku ya Sabato. Sista mmoja Mzungu wa hospitali ya misheni karibu na Migori alikuja na gari lake dogo akimtafuta Matron. Mkunga wao alikuwa ameondoka ghafla, na hakujua kwamba Jumamosi hatufanyi kazi. Nilikuwa peke yangu pale, nafagia. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha vitabuni kama namfahamu mkunga yeyote. Nikasema ni mimi. Akauliza kama naweza kuja leo. Nilitia nguo zangu kwenye kikapu, nikaandika mistari miwili kwenye karatasi, nikaiweka juu ya daftari jeusi. Kanisa lilikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia wanaimba, na sauti ya Matron juu ya zote. Ningeweza kungoja jua litue. Sista angekunywa chai nyuma ya kabati, angengoja. Sikungoja.

Nilizalisha Migori miaka miwili, nikaenda kozi, nikarudi na kupewa wodi. Habari za Rodi zilinifikia kwa vipande. Serikali na misheni walianza kupeleka watu wao wenyewe, barua kwa Matron zikapungua, Okumu akaajiriwa Homa Bay, kile chumba akapewa fundi cherehani. Sikwenda kumsalimia. Nilikuwa na sababu nyingi, na nyingi zilikuwa za uongo.

Alikuja mwenyewe, Jumatano moja asubuhi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilimkuta kwenye benchi la kliniki, katikati ya akina mama wenye mimba, anangoja zamu yake kama wao. Alikuwa amepungua. Kucha zake zilikuwa safi. Nilimwingiza ofisini kwangu, nikamwagizia chai, akaitazama akatabasamu, akanywa bila kuiita jina lingine.

Alisema wodi ya Muhuru Bay inapanuliwa na wanataka mkunga wa kukaa huko. Yeye ameomba. Ofisi imekwisha, mikono bado anayo, na hakuna kitu kingine anachokitaka tena duniani ila ile wodi. Walichotaka ni karatasi moja kutoka kwa sista mwenye wodi, anayeijua kazi yake, kusema kwamba anafaa. Alikuwa na fomu mkobani. Aliiweka mezani kwangu, akailainisha kwa kiganja.

Nilimwambia nitaijaza. Kisha, kwa kuwa huenda nisingepata nafasi nyingine, nikamwuliza lile lililokuwa limenikaa kifuani. Kwa miaka nilikuwa nimemtungia majibu mazuri. Labda aliona siko tayari. Labda aliogopa nitaumia peke yangu kule ziwani. Nilimwuliza kwa nini hakunipeleka.

Alifikiri kwa uaminifu kabisa, kikombe mkononi.

"Nyathina, mimi nilikuwa na dispensari kumi na moja na watu saba," akasema. "Mwenye alipiga kelele, nilimpa. Mmoja alilia hapo, mwingine alileta baba yake. Wewe hukupiga kelele."

Hakuwa ananitania, wala hakuwa anaomba radhi. Alikuwa ananijibu nilichouliza. Alimaliza chai, akanishika mkono, akasema nimenenepa vizuri, akaenda kukamata basi.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kuandika chati. Nilikuwa nimejiandaa kusamehe jambo kubwa, na halikuwepo. Fomu niliitia kwenye droo, nikasema nitaijaza kesho. Kesho kulikuwa na mapacha. Wiki ile nesi wangu mmoja akaugua. Nikasema mwisho wa mwezi, nikishapumua. Sikuwa nimekataa, elewa hivyo. Nilikuwa na kazi nyingi kwelikweli, na kila nilipofungua droo kutafuta kalamu niliiona ile karatasi na jina lake juu, nikaifunga tena.

Niliijaza mwezi wa tatu tangu ailete. Niliandika vizuri, kurasa mbili, kwamba sijaona mikono kama ile, na kila neno lilikuwa kweli. Jibu lilirudi haraka. Walinishukuru, wakasema walingoja barua hiyo kwa muda, na nafasi wamempa msichana kutoka Kisumu.

Muda huo wote Matron hakuwa ameniandikia kuuliza, hakuwa ametuma mtu, hakuwa amekuja kugonga mlango wangu. Alikuwa amekaa Rodi, anangoja. Naye pia hakupiga kelele.